Herufi Moja Katika Damu

Jumapili moja baada ya ibada ya pili, watu wakiwa bado nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, baba mmoja wa usharika wetu alinisubiri mlangoni pa ofisi. Binti yake yuko kidato cha pili na ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi tunauita sikoseli. Mwaka huo alikuwa amelazwa hospitali mara nne.

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji."

"Amina, baba. Karibu uketi."

Hakuketi. Alitoa simu yake akanionyesha habari ya mama mmoja wa Marekani aitwaye Victoria Gray, ambaye mwaka 2019 alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini humo kutibiwa kwa kuhariri vinasaba. "Huyu alikuwa na ugonjwa wa binti yangu," akasema. "Wameingia ndani ya damu yake wakabadilisha maandishi. Nina maswali mawili, Mchungaji. La kwanza, je, hiyo ni dhambi? La pili, kama si dhambi, mbona iko kwao tu?"

Nilimwomba anipe juma moja. Sikuweza kumjibu ndani ya juma moja. Ninayoandika hapa ndiyo majibu niliyoyapata, na yamenichukua muda mrefu kwa sababu swali lake liligusa kidonda changu mwenyewe.

Nilizaliwa Kagera, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Mdogo wangu wa kike alinifuata kwa miaka minne. Tangu mchanga mikono na miguu yake ilikuwa ikivimba, na macho yake yalikuwa ya manjano. Majira ya mvua yalikuwa mabaya kwake kuliko yote, maana baridi ilimletea maumivu ya mifupa, naye alilia usiku kucha. Majirani walisema nyumba yetu ina jambo. Wengine walimshauri baba aende kwa mganga, na baba, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, alikwenda. Simlaumu. Mtu anayesikia mtoto wake akilia usiku hagombani na wanaompa ushauri.

Mara nyingi mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu. Njiani aliniuliza maswali kuhusu ndege na magari. Alifariki mwezi wa nne mwaka 1993, akiwa na miaka tisa, mimi nikiwa na kumi na tatu. Jina la ugonjwa tulilikuta limeandikwa kwenye daftari lake la hospitali. Hakuna aliyekuwa ametueleza maana yake.

Kwenye mazishi mhubiri alisema kwamba Mungu alimpenda kuliko sisi tulivyompenda, ndiyo maana amemchukua. Watu walisema amina. Mimi sikusema.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa maadili alitupa tujadili riwaya ya Aldous Huxley, Brave New World, iliyochapishwa mwaka 1932. Ndani yake watoto hawazaliwi na mama. Wanatengenezwa kwenye chupa, na tangu huko wanapangwa nani atakuwa mtawala na nani mtumwa. Mwalimu alituuliza: ikiwa siku moja binadamu ataweza kubadilisha urithi wa damu yake, kanisa liseme nini? Niliandika insha ndefu. Nikasema kwamba binadamu asiguse kamwe yale ambayo Mungu ameyaandika ndani ya mwili, na kwamba mambo hayo ni ya hadithi tu, hatutayaona sisi. Nilipata alama nzuri. Katika kurasa zote hizo sikumtaja mdogo wangu hata mara moja.

Sikufikisha umri wa uzee kabla hadithi hiyo haijaanza kuwa kweli.

Ndugu msharika, naomba unifuate kidogo katika mambo ya damu, kwa maana huwezi kupima jambo kwa Neno la Mungu kabla hujalijua ni jambo gani. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za mgonjwa, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa na umbo la mundu badala ya kuwa za duara. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, zikazuia damu kupita. Hayo ndiyo maumivu. Tena hufa upesi, na mgonjwa hupungukiwa damu. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba chanzo chake ni herufi moja tu. Maelekezo ya mwili wa mwanadamu yana herufi zipatazo bilioni 3, na kati ya hizo, moja iliyo mahali pamoja imebadilika. Mdogo wangu alikufa kwa herufi moja.

Anayeirithi herufi hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Anayeirithi kwa mzazi mmoja haugui, bali huibeba. Wazazi wawili wanaoibeba wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa ya mtoto mgonjwa. Baba na mama yangu walikuwa hivyo, na hawakujua. Mimi nilipimwa mwaka 2008, kabla ya ndoa, nikaambiwa kwamba ninaibeba. Mchumba wangu hakuwa nayo. Nakiri kwamba usiku wa kuamkia majibu yake niliomba kwa hofu kuliko nilivyowahi kuomba kwa ajili ya huduma yangu yote.

Lakini lipo jambo jingine. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake iliyofanyika hapa hapa Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba anayebeba herufi hiyo kwa upande mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu selimundu imeenea katika nchi zenye mbu, kama kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Herufi iliyomuua mdogo wangu huenda ndiyo iliyonilinda mimi na homa za utotoni. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja ukombozi. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huu, kwamba kinga ya mtoto mmoja na kifo cha mwingine vimo katika damu ya nyumba moja.

Sasa kuhusu tiba yenyewe. Bakteria, vijidudu vidogo mno, wana njia yao ya kujikinga na virusi: wanayatambua maandishi ya adui na kuyakata. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba mkasi huo wa bakteria unaweza kuelekezwa ukate mahali panapotakiwa. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotokana na mkasi huo, kwa ajili ya selimundu na ugonjwa mwingine wa damu, na Desemba mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha kwa selimundu.

Dawa hiyo hairekebishi ile herufi. Mtoto akiwa tumboni hutumia aina nyingine ya himoglobini, ambayo haina kasoro. Akishazaliwa, mwili huizima polepole. Ndiyo maana watoto wenye selimundu huonekana wazima miezi ya mwanzo. Madaktari huchukua seli mama za damu za mgonjwa, wakazipeleka maabara, wakaikata ile swichi inayozima himoglobini ya utotoni, kisha wakazirudisha mwilini. Kabla ya kuzirudisha humpa dawa kali za kuua uloto wa zamani, naye hukaa hospitali majuma kadhaa katika hali ngumu. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Basi, je, ni dhambi?

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Hayo ndiyo maneno ya majirani zetu kule kwenye migomba: nyumba ile ina jambo. Bwana aliyakataa. Kisha hakumwacha yule mtu na upofu wake ati kwa kuwa alizaliwa nao. Alitengeneza tope, akampaka machoni, akamtuma akanawe. Aligusa kasoro ya kuzaliwa na kuiponya, kwa kutumia udongo na maji. Kuzaliwa na jambo si ushahidi kwamba Mungu anataka ubaki nalo.

Nasi Walutheri tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Luther hakukimbia, alibaki akawahudumia wagonjwa. Wachungaji wa mji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama ni halali kwa Mkristo kuikimbia tauni, naye akawajibu kwa barua ndefu. Humo anawakemea wanaodharau dawa wakidhani hiyo ndiyo imani. Kwake, kukataa dawa ambayo Mungu ameiweka ni kumjaribu Mungu. Alifundisha pia kwamba kazi za wanadamu ni kama barakoa ambazo Mungu huzivaa ili atuhudumie. Mwokaji anapotupa mkate, ni Mungu anayetulisha. Kwa nini basi tukifika kwenye maabara tuseme kwamba nyuma ya ile barakoa yumo shetani?

Tena ile himoglobini ya utotoni haikuvumbuliwa na mtu. Ilikuwamo mwilini mwa mdogo wangu siku zote, imezimwa. Aliyeiweka ni Muumba.

Kwa hiyo nilimwambia yule baba: hapana, si dhambi. Na ile insha ya chuo nimeitubu.

Yapo, hata hivyo, ambayo bado nayaogopa. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha ambao alihariri vinasaba vyao wakiwa bado viinitete. Mabadiliko kama hayo yaweza kurithiwa na wana wao na wana wa wana wao. Wanasayansi wenzake walimlaani, na mwaka uliofuata mahakama ya nchi yake ikamfunga miaka mitatu. Ninaona tofauti kati ya kumponya mtu aliye mbele yako, anayeumia na anayeweza kusema ndiyo au hapana, na kuamua watu wasiozaliwa wawe wa namna gani. Kumbuka ile herufi yetu: yule ambaye angeifuta kwa wanadamu wote zamani zile kwa nia njema angewaondolea watoto wengi kinga ya malaria bila kujua. Hatujui kila kitu kinachofanywa na kila herufi. Na kama leo tutafuta ugonjwa, kesho tajiri atataka afutiwe ufupi au weusi. Hapo Huxley hakuota bure. Kanisa lazima lijifunze kusema ndiyo na hapana siku moja, bila kuchanganya.

Sasa nifike mahali ambapo naona aibu.

Mwaka 2011, nikiwa mchungaji kijana, nilimzika mtoto wa miaka sita aliyekufa kwa selimundu. Nilikuwa nimechoka, sikuandaa vizuri, na kinywa changu kikatoa maneno yale yale niliyoyachukia nikiwa na miaka kumi na tatu. Nikasema Mungu alimhitaji mtoto huyu. Nilimwona mama yake akiinua macho, akanitazama. Hakurudi kanisani. Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Aliniwekea kiti, akanipa chai, akaniambia, "Mchungaji, ulisema Mungu alimhitaji. Mimi nilimhitaji zaidi."

Sikuwa na jibu, na nashukuru kwamba siku hiyo sikulitafuta. Nilichojifunza ni kwamba tunapomtwika Mungu vifo ambavyo vingeweza kuzuiwa, tunajipumzisha sisi. Mtoto yule hakukosa upendo wa Mungu. Alikosa kupimwa mapema, alikosa dawa, alikosa damu siku alipoihitaji. Vyote hivyo vilikuwa vinajulikana duniani wakati huo. Havikuwa hadithi.

Hapo ndipo swali la pili la yule baba linapouma kuliko la kwanza.

Bei ya tiba ile nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Hukadiriwa kuwa zaidi ya 11,000 kila mwaka. Ugonjwa uko kwetu, na dawa iko kwao.

Nimefikiri sana habari ya mgonjwa wa birika la Bethzatha katika Injili ya Yohana. Alikuwa ameugua miaka 38. Maji yalikuwapo, naye aliamini kwamba yanaponya, na alikuwa amelala karibu nayo kiasi cha kuyaona. Alipoulizwa na Bwana kama anataka kuwa mzima, hakulaumu maji. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijaribu, mwingine humtangulia. Hivyo ndivyo alivyo binti wa kidato cha pili anayetazama habari za Marekani kwenye simu ya baba yake. Anayaona maji.

Simhukumu kila anayelipisha, maana maabara haijengwi kwa nyimbo. Wala sisemi kwamba hakuna anayejali. Mwaka 2019 serikali ya Marekani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa afya, pamoja na Mfuko wa Gates, zilitangaza kutenga angalau dola milioni 200 kutafuta tiba za vinasaba za selimundu na VVU ambazo zitafaa na kupatikana katika nchi kama zetu. Mwaka 2025 mtoto mchanga huko Philadelphia, aliyekuwa na ugonjwa mwingine wa kurithi, alitibiwa kwa dawa ya kuhariri vinasaba iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, ikaingizwa mwilini kwa njia ya mshipa, bila kung'oa uloto. Huenda katika maisha ya binti huyu, labda hata katika yangu, selimundu itatibiwa kwa sindano katika hospitali ya wilaya. Naliombea hilo kwa jina lake. Lakini historia ya dawa inanifundisha kwamba sindano hiyo haitafika yenyewe. Lazima wawepo watu wa kutia wagonjwa birikani: wabunge, wauguzi, watafiti wetu wenyewe, na washarika.

Tusingoje hiyo tu. Hapa nchini, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, watoto wenye selimundu wamepandikizwa uloto wa ndugu zao. Ipo haidroksiurea, kidonge kinachopunguza mashambulio. Ipo bima. Ipo damu, ambayo hakuna maabara duniani inayoweza kutuuzia vya kutosha. Hutoka mkononi mwa jirani.

Nilipompelekea yule baba majibu yangu, tuliketi sebuleni kwake, binti akiwa anasikiliza kutoka chumba cha pili. Nilimwambia kwamba si dhambi. Kisha nikamwambia kwamba dhambi iliyopo katika jambo hili ni yetu sisi tulio wazima, tunaowaombea wagonjwa madhabahuni na kuwaacha birikani. Tangu hapo usharika wetu umefanya mambo matatu madogo. Tunawalipia bima watoto wenye selimundu ambao wazazi wao hawawezi. Tunatoa damu, na mimi hutangulia kunyosha mkono. Na kila wachumba wanaokuja kuandikisha ndoa nawaomba wapime kwanza, si ili niwatenganishe, bali wajue njia wanayoiingia, wasiipite gizani kama wazazi wangu.

Siku hiyo nilipokuwa naaga, binti alitoka chumbani. Alisalimia, akasimama, akauliza kwa sauti ndogo, "Mchungaji, nikija kubadilishwa damu, nitakuwa bado mimi?"

Nilifurahi kwamba safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia: siku ulipobatizwa hapa, Mungu alikuita kwa jina lako. Hakusoma damu yako kwanza. Herufi yoyote ikiondolewa au ikibaki, jina hilo halitafutika. Hata ukipona, siku moja utakufa, kama Lazaro alivyokufa tena baada ya kufufuliwa, na siku hiyo utashikwa na mkono ule ule uliokushika kisimani mwa ubatizo. Kwa hiyo usiogope tiba, wala usiifanye mungu.

Akacheka kidogo, akasema basi anataka kusoma biolojia.

Baba yake alinisindikiza hadi njia panda. Mvua ilikuwa inaanza. Aliangalia mawingu, akaniomba radhi, akarudi mbio nyumbani kumfunika binti yake blanketi.